Waliofundisha Dunia Kung'oa Chipu: Historia ya Mafundi Wasio na Majina

Simu imezima ghafla. Picha za harusi, namba za wateja, sauti za mzazi aliyetangulia mbele za haki, vyote vimo humo ndani na hakuna nakala kwingine. Unaikimbiza kwa fundi. Anafungua, anapima kwa mita, anakuna kichwa, halafu anatoa hukumu: "Hapa IC ya umeme imekufa, lazima ing'olewe."

Baada ya hapo ni bloa, kibano na utulivu. Hewa ya moto inazungushwa juu ya kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto, risasi inayeyuka, kipande kinaachia. Vipande vingine vilivyokizunguka vinabaki pale pale kama hakuna kilichotokea.

Watu wengi wanalipa na kuondoka. Lakini ukicheki vizuri, hapo kuna historia nzito. Makampuni yaliyobuni namna ya kubandika vipande hivyo yana majina, yana hataza na yana majengo ya vioo. Watu waliojifunza namna ya kuving'oa bila kuua bodi hawana hata picha ukutani. Na bila wao, kila simu iliyozima kwa sababu ya chipu moja ingekuwa takataka tu.

ENZI ZA MIGUU NA MATUNDU

Rudi nyuma kidogo mdau, enzi za redio za mbao na televisheni zenye kisogo kikubwa. Ndani ya redio zile kila kifaa kilikuwa na miguu. Kapasita miguu miwili, transista mitatu. Miguu ilipitishwa kwenye matundu ya bodi, ikatokea upande wa pili, ikagandishwa kwa risasi.

Risasi yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa bati na madini ya risasi. Mchanganyiko uliopendwa zaidi ulikuwa na bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, na siri ya kupendwa kwake ni kwamba unayeyuka kwenye nyuzi joto 183 na kuganda hapo hapo, hauzungushi mtu.

Kutoa kifaa cha aina hiyo hakukuhitaji maajabu. Fundi wa redio alishika pasi ya kulehemu mkono mmoja, kifyonzeo mkono mwingine. Anayeyusha mguu wa kwanza, anafyonza. Wa pili, anafyonza. Anavuta kifaa kwa nyuma, kazi imekwisha. Bodi zilikuwa pana, njia za shaba zilikuwa nene, na macho ya kawaida yalitosha.

Fundi wa aina hiyo alikuwepo karibu kila mji wa dunia. Maisha yake yalikuwa yamenyooka. Halafu dunia ikabadilika.

ROKETI INAKUJA NA MTINDO MPYA

Kuna shida moja kwenye matundu: yanakula nafasi. Kila tundu linatoboa bodi nzima, kwa hiyo upande wa pili hauwezi kubeba kitu hapo. Miguu nayo ina uzito. Kwa redio ya mezani hilo siyo tatizo. Kwa roketi ni tatizo kubwa, maana kila gramu inahesabiwa.

Miaka ya 1960 kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa inatengeneza kompyuta ya kuongoza roketi za Saturn, zile ambazo Julai 1969 mojawapo iliwapeleka binadamu mwezini. Ndani ya kompyuta hiyo wahandisi walitumia vipande visivyopita kwenye matundu. Kipande kinalazwa juu ya bodi na kugandishwa hapo hapo juu. Ndiyo asili ya hivi vitu ambavyo mafundi leo wanaviita SMD.

Ilichukua muda mtindo huo kushuka duniani. Miaka ya 1980 ndipo ulipoanza kuenea kwa kasi kwenye kamera, deki za video na kompyuta. Na kadiri miaka ilivyokwenda, vipande vikazidi kunywea. Kuna saizi ya milimita 1.6 kwa 0.8. Ikaja ya 1.0 kwa 0.5. Ikaja ya 0.6 kwa 0.3. Ikaja hata ya milimita 0.4 kwa 0.2. Ukivimwaga mezani utadhani ni pilipili manga iliyosagwa, na ukipiga chafya umepoteza hesabu.

Viwandani haikuwa shida. Mashine inapaka uji wa risasi kwenye bodi kupitia bati jembamba lenye matundu, mashine nyingine inapanga vipande maelfu kwa saa, halafu bodi nzima inapita kwenye tanuri. Kila kitu kinaiva kwa pamoja kama mikate ya boflo, bodi inatoka upande wa pili ikiwa tayari.

Sasa angalia tatizo lilipo. Tanuri halichagui. Linayeyusha vyote na kugandisha vyote. Kiwanda kilikuwa na njia nzuri ya kubandika vipande 500 kwa mpigo. Yule fundi wa mtaani mwenye kipande kimoja tu kibovu katikati ya hivyo 500, aliachiwa ajijue.

MIGUU 100, PASI MOJA

Mtu wa kwanza kuumia alikuwa yule yule fundi wa redio. Alifungua mashine mpya akakuta chipu ya mraba, miguu pande zote nne, yote pamoja inafika 100, na nafasi kati ya mguu na mguu ni kama unene wa ukucha. Pasi yake inagusa mguu mmoja. Akifika mguu wa tano, wa kwanza umeshapoa na kuganda tena.

Hapo ndipo ujanja ulipozaliwa, na haukuzaliwa sehemu moja. Mafundi wa nchi tofauti, wengi bila kujuana, waliangukia mbinu zinazofanana.

Wengine walimwaga risasi nyingi kwenye kila upande wa chipu mpaka miguu yote ikaogelea kwenye bwawa moja, halafu wakakimbiza pasi pande zote haraka haraka kabla bwawa halijaganda. Wengine walipitisha waya mwembamba wa koili chini ya miguu, wakawa wanayeyusha huku wanavuta, mguu mmoja mmoja unanyanyuka. Wengine walishika pasi mbili, kulia na kushoto, kama mtu anayekula kwa vijiti. Na wale waliokata tamaa walichukua wembe, wakakata miguu yote ya chipu, mwili ukatoka, halafu wakafagia miguu iliyobaki kwa pasi. Chipu imekufa lakini bodi imepona, na hilo ndilo lililokuwa na maana.

Mbinu hizo zote bado zinafanya kazi hadi leo. Ila zina dawa ya miguu inayoonekana tu. Ikaja aina ya chipu ambayo miguu yake ni vipira vidogo vya risasi vilivyojificha chini ya tumbo lake. Hakuna pasi inayofika huko. Hakuna wembe. Hapo mchezo ulihitaji silaha nyingine kabisa.

BLOA INAINGIA

Hewa ya moto haikuwa kitu kigeni. Viwanda vilishaitumia kuunganisha plastiki. Kilichokuwa kipya ni kuitumia kama kalamu: hewa kidogo, joto linalopimika, mdomo mwembamba unaoelekezwa sehemu moja.

Kampuni za vifaa vya kulehemu zilianza kuuza mashine za namna hiyo. Iliyopata umaarufu mkubwa ni ya kampuni ya Hakko ya Japani, namba 850. Ni boksi lenye pampu ya hewa ndani, bomba linatoka hadi kwenye mpini, na kwenye mpini kuna waya wa moto. Unachagua joto, unachagua kasi ya hewa, basi.

Mashine halisi ilikuwa ghali kwa fundi wa kawaida. Kilichobadilisha dunia ni nakala. Viwanda vya China viliiga muundo ule mara nyingi mpaka namba 850 ikawa kama jina la ukoo. Baadaye zikaja za 858D, ambazo feni imehamia ndani ya mpini na pampu imeondoka, bei ikashuka zaidi. Ghafla kitu ambacho kilikuwa cha maabara kikawa kinakaa kwenye meza ya fundi simu chini ya mwavuli.

Lakini mashine ilikuja bila somo. Karatasi ya maelezo inakwambia swichi iko wapi. Haikwambii lini chipu iko tayari kutoka. Hilo watu walilijua kwa kuunguza.

SIRI ILIYOLIPIWA KWA BODI ZILIZOKUFA

Mtu akimwangalia fundi mzuri anaona kama anapuliza tu. Ukweli ni kwamba ndani ya dakika moja au mbili anapigana vita tano.

Vita ya kwanza ni shaba. Ndani ya bodi ya simu kuna tabaka za shaba, na shaba haina uchoyo: joto unaloliweka hapa inaligawa kule. Ukipuliza sehemu moja kwa pupa, juu ya chipu panaungua na chini ya chipu risasi bado ni jiwe. Ndiyo maana fundi anaanza mbali, anaipasha bodi yote taratibu, wengine wanaweka sahani ya moto chini yake, halafu ndipo anasogea.

Ya pili ni namba ya kwenye kioo cha bloa. Ikiandika 350 haina maana chipu ina nyuzi 350. Sogeza mdomo sentimita moja juu, joto limeshuka. Ongeza kasi ya hewa, limepanda. Kwa hiyo mafundi wawili wenye mashine zinazofanana wanaweza kuwa na namba tofauti, na wote wawili wako sahihi.

Ya tatu ni kutu. Risasi ya zamani inajifunika ngozi ya kutu inayoizuia kuyeyuka vizuri. Dawa yake ni flaksi, ambayo kwa asili inatengenezwa na utomvu wa msonobari. Flaksi inasafisha ile ngozi na kusaidia joto lipenye. Fundi anayebania flaksi ataigharamia kwa pedi.

Na pedi ndiyo vita ya nne, ile inayoliza watu. Pedi ni kile kidoti cha shaba ambacho chipu imekalia. Ukivuta chipu kabla risasi haijayeyuka yote, inakuja na pedi yake pamoja na njia yake. Umetoboa barabara. Hapo itabidi uunge kwa waya mwembamba kuliko unywele, chini ya hadubini, kama bado kuna pa kuungia.

Sasa utajuaje kuwa imeyeyuka wakati huoni chini? Jibu lake ni moja ya ugunduzi mzuri kabisa wa mafundi hawa. Igonge chipu kidogo kwa ncha ya kibano. Kama haijaiva, haitikisiki. Kama imeiva, inasogea kidogo halafu inarudi yenyewe mahali pake, kama mtumbwi uliofungwa kamba, kwa sababu risasi ya maji inajikusanya na kuivuta irudi. Ikirudi, muda wako umefika. Nyanyua juu moja kwa moja, usiburute.

Vita ya tano ni unyevu. Plastiki ya chipu inanyonya unyevu wa hewa. Ukiipiga joto la ghafla, maji yale yanageuka mvuke ndani kwa ndani na chipu inapasuka kama bisi. Kwa miji ya pwani yenye hewa nzito, hilo siyo jambo la kupuuza.

Ongeza na usafi wa mazingira: betri inatolewa kwanza, maana betri ya lithiamu na moto haviwezi kukaa chumba kimoja. Vipande vya jirani vinafunikwa kwa tepu ya rangi ya kaharabu inayostahimili joto. Plastiki zinakingwa.

Hakuna mtu mmoja aliyegundua haya yote. Kila sentensi hapo juu kuna bodi zilizokufa nyuma yake, na wateja waliorudishiwa simu kwa maneno ya "samahani, imegoma".

JULAI MOSI 2006: RISASI INATOLEWA KWENYE RISASI

Halafu kitabu chote kikabadilishwa na watu ambao hawajawahi kushika bloa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozuia madini hatari kwenye vifaa vya umeme, na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2006. Risasi ilikuwa kwenye orodha. Sababu ilikuwa ya msingi: madini hayo yanaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kwa kuwa kampuni haziwezi kutengeneza bodi za Ulaya peke yake na za wengine peke yake, sehemu kubwa ya dunia ilifuata.

Mchanganyiko mpya ukawa bati, fedha kidogo na shaba kidogo. Huo unaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Toka 183 hadi 217 ni nyuzi 34 tu, unaweza kusema si kitu. Kwenye meza ya fundi ni kitu kikubwa. Nafasi kati ya "imeyeyuka" na "imeungua" ilibana ghafla. Mikono iliyozoea miaka 20 ikaanza kuua bodi upya.

Mafundi wakajibu kwa akili. Walichanganya risasi ya zamani na ile mpya iliyopo kwenye bodi ili kushusha kiwango cha kuyeyuka. Wengine wakatumia mchanganyiko wa bati na madini ya bismathi, ambao unayeyuka kwenye nyuzi 138 tu. Ukiupaka kwenye miguu ya chipu, risasi yote inalainika mapema na chipu inatoka kwa moto mdogo. Ukimaliza unaufuta wote, maana ukiubakiza kiungio kinakuwa dhaifu.

TAULO LA XBOX

Kipindi hicho hicho dunia ilishuhudia kichekesho cha karne. Microsoft ilizindua Xbox 360 Novemba 2005. Muda si mrefu mashine zikaanza kufa kwa maelfu, zikiwasha taa tatu nyekundu mbele. Julai 2007 kampuni ikakubali yaishe: ikaongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo.

Wakati huo vijana mtandaoni walishapata dawa yao. Funga mashine kwenye taulo, iwashe, iache ijipikie yenyewe. Ikipoa, inawaka! Kumbe wameigeuza mashine kuwa tanuri, na taulo kuwa mlango wake.

Tatizo ni kwamba baada ya siku au wiki inakufa tena. Kwa miaka mingi watu waliamini kilichopasuka ni vipira vya risasi kati ya chipu na bodi, na kwamba joto limeviunganisha. Mwaka 2021, kwenye filamu ya Microsoft yenyewe kuhusu historia ya Xbox, mhusika wa zamani alieleza kuwa viungio vilivyokatika vilikuwa ndani ya chipu yenyewe, kwa sababu ya kupata moto na kupoa kila mtu anapowasha na kuzima.

Kwa hiyo kupasha kulikuwa kuifufua maiti kwa muda. Somo hilo liko hai mpaka leo: fundi anayepuliza tu bila kubadilisha kifaa, simu ikawaka, akakupa haraka haraka uondoke, amekufunga taulo.

GUIYU: MOTO USIO NA KINGA

Mpaka hapa bloa inaonekana shujaa. Lakini kung'oa chipu kuna upande ambao hakuna anayeuweka kwenye status.

Kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, kuna mji unaitwa Guiyu. Kwa miaka mingi kompyuta zilizotupwa na nchi tajiri ziliishia hapo. Mwaka 2002 shirika la Basel Action Network na wenzake walitoa ripoti iliyoonyesha dunia kinachoendelea: watu, wengi wao wanawake, wamekaa mbele ya jiko la makaa, bodi imewekwa juu ya bati la moto, risasi inayeyuka, wanachomoa chipu moja moja na kuzitupia kwenye ndoo. Mikono mitupu. Moshi usoni. Hakuna bloa, hakuna kipimo cha joto.

Kitaalamu walikuwa wanafanya kile kile anachofanya fundi simu. Tofauti ni kwamba mmoja anaokoa bodi na kutupa chipu, mwingine anaokoa chipu na kuchoma bodi. Na tofauti nyingine ni nani anavuta moshi, kwa muda gani.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha majibu ya damu za watoto wadogo 165 wa Guiyu. Watoto 135 kati yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichohesabiwa wakati ule kuwa cha hatari. Hawa hawakuwahi kushika kibano. Walizaliwa tu jirani na moto. Mwishoni mwa 2015 serikali ililazimisha karakana za mji huo kuhamia kwenye eneo maalumu la viwanda.

Chipu zenyewe zilikwenda wapi? Nyingi ziliingia sokoni tena. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia majeshi ilitoa ripoti iliyotikisa: kesi zipatazo 1,800 za vipuri vilivyoshukiwa kuwa feki kwenye mfumo wa ununuzi wa jeshi, jumla ya vipande zaidi ya milioni 1. Njia yake ilielezwa wazi: chipu inang'olewa kwenye takataka za elektroniki, inaoshwa, inasuguliwa namba ya zamani, inaandikwa namba mpya, inauzwa kama mpya. Baadhi zilikutwa hadi kwenye ndege za kijeshi.

Taka walizotupa zikarudi zikiwa zimevaa suti.

2016: WAKUBWA WAWILI WANAUMBULIWA

Mwaka 2016 mikono hii hii iliwaumbua wakubwa wawili.

Wa kwanza ni FBI. Baada ya shambulio la San Bernardino la Desemba 2015 lililoua watu 14, walibaki na iPhone 5c ya mshambuliaji iliyofungwa kwa namba ya siri. Ukikosea mara 10, kila kitu kinaweza kufutika. Watu wakapendekeza: ng'oeni chipu ya kumbukumbu, nakilini, ili mkikosea mnarudisha nakala na kujaribu upya. Mkurugenzi wa FBI wa wakati huo alisema hadharani kuwa haifanyi kazi. Simu ilifunguliwa baadaye na watu wa nje, na mwaka 2017 seneta mmoja alitaja kuwa gharama ilikuwa dola 900,000.

Septemba 2016 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge akaonyesha kuwa inafanya kazi. Kwenye iPhone 5c alitumia hewa ya moto na kisu chembamba, akaing'oa chipu ya kumbukumbu, akaiwekea soketi, akainakili. Vifaa vyake vilikuwa vya chini ya dola 100. Kiini cha kazi hiyo, kile kilichoonekana hakiwezekani, ni kitu ambacho mafundi wa mitaani walikuwa wanakifanya kila siku kabla ya chakula cha mchana.

Wa pili ni Apple. Simu za iPhone 6 Plus zilianza kupata ugonjwa wa mstari wa kijivu juu ya kioo, halafu kioo hakisikii kidole. Mafundi huru wa Marekani waliokuwa wanang'oa chipu za mguso na kuweka mpya ndio waliopiga kelele kwamba tatizo liko kwenye bodi, siyo kwenye kioo. Novemba 2016 kampuni ikaanzisha mpango wa matengenezo kwa dola 149, ikisema tatizo linatokana na simu kuanguka mara nyingi. Mjadala wa nani mwenye kosa ukaendelea. Lakini hakuna aliyebisha nani aliona kwanza.

KUTOKA SHENZHEN MPAKA AGGREY

Guiyu haiko mbali sana na Shenzhen, na Shenzhen ndiko kuliko soko la Huaqiangbei, ambako chipu, bloa, flaksi na vioo vinauzwa ghorofa kwa ghorofa. Vifaa hivyo hivyo ndivyo vinavyoshuka Dar es Salaam na Nairobi na kupangwa kwenye meza za mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na za Luthuli Avenue.

Ukipita huko unaona historia yote ikiwa hai. Kuna boksi la simu mbovu ambazo hazitawaka tena, ila chipu zake zitakwenda kuokoa nyingine. Kuna kijana anayeangalia video ya fundi wa India akiwa na bloa mkononi, haelewi lugha lakini anaelewa mkono. Kuna mwanafunzi aliyeambiwa na mkuu wake wa kazi afanyie mazoezi bodi zilizokufa mpaka atakapoweza kurudisha chipu pale ilipotoka. Elimu inapita mkono kwa mkono.

Na hatari nayo inapita mkono kwa mkono. Moshi wa flaksi ya utomvu unajulikana kusababisha pumu kwa wanaouvuta kwa miaka. Risasi ya zamani inaingia mwilini zaidi kwa njia ya vidole kuliko moshi: fundi anashika risasi, halafu anashika chipsi. Feni inayovuta moshi pembeni na sabuni kabla ya kula ni vitu vidogo, lakini kwenye meza nyingi havipo. Wateja nao wanataka simu jana, kwa bei ya juzi.

Hivyo ukisikia bei ya kung'oa IC ukaona imezidi, kumbuka unalipia nini. Chipu yenyewe inaweza kuwa rahisi. Unalipia zile sekunde ambazo mtu anajua asivute bado. Ni maarifa ambayo kiwanda hakikuyaandika na chuo kilichelewa kuyafundisha, yakatunzwa na watu ambao kwenye simu ya kila mteja wamehifadhiwa kwa jina moja tu: "Fundi".

Sasa swali kwako mdau. Yule aliyeokoa picha zako mara ya mwisho, unamjua anaitwa nani?